Usukani Usio na Gari

Kiganja cha mchungaji kilikuwa kimenibana kwenye paji la uso, kizito, kinanuka kitunguu, na nyuma yangu mama alikuwa ameshaikunjua leso, tayari kunifunika miguu nitakapoanguka. Ndivyo desturi ilivyokuwa. Mwanamke akiombewa huanguka, na akianguka lazima awepo mwanamke mwenzake wa kumsitiri. Mchungaji alisukuma, nikakaza shingo. Akasukuma tena, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua, na watu waliojipanga kati ya rafu za unga na rafu za sabuni wakapandisha sauti kumwambia shetani ashindwe.

Sikuwa na pepo. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo sielewi watu wazima wanashindwaje kutofautisha vitu hivyo viwili. Saa iliyotundikwa juu ya friji ya maziwa ilikuwa inaikaribia saa nane. Mtaa wa pili kutoka hapo, kwa Junaid, walikuwa wanaanza bila mimi.

"Anguka," mama akaninong'oneza kwa Kimeru, mdomo wake karibu na sikio langu. "Anguka tu, Gatwiri, twende."

Sikuanguka.

Niliingia kazini pale mwaka wa tisini na sita, supamaketi ikiwa mpya na Nyeri nzima ikiisema. Kabla yake ulikuwa unasimama mbele ya kaunta, unaonyesha kwa kidole, mwenye duka anakushushia. Sasa mtu aliingia mwenyewe katikati ya mali, akachukua, akarudisha, akachukua tena, na hakuna wa kumuuliza. Wazee kutoka Giakanja walivua kofia mlangoni. Kuna mama mmoja alizunguka rafu zote na kikapu kitupu, akatoka, akasema amekuja kuona tu.

Kazi alinitafutia mama. Tangu baba afe, mama alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine pale sebuleni kwetu, na mimi, niliyemaliza kidato cha nne nikakosa pa kwenda, nilikuwa namshikia uzi. Alizungumza na akina mama wa ushirika wa kanisa, wao wakazungumza na mke wa Hezekiah, na Hezekiah, aliyekuwa meneja wa supamaketi na mzee wa kanisa kwa pamoja, akaniita ofisini.

"Kazi utapata," alisema. "Lakini hii miezi ya kwanza nitakuwa nakuangalia. Hapa si mikono peke yake tunataka. Hapa ni tabia."

Nikasema asante. Ningesema asante hata angeniambia nilale mlangoni na mbwa.

Kwa Junaid nilifika kwa sababu ya redio ya mama. Junaid alikuwa fundi wa redio na televisheni, njia ya kwenda Majengo, kijana mwembamba mwenye subira isiyo ya kawaida. Mjomba wake wa Mombasa alikuwa amemletea kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na gemu ya mashindano ya magari. Wengine wangetosheka kubonyeza vitufe. Junaid alikwenda kwa wauza vyuma akanunua usukani wa Datsun iliyokufa, akaufunga kwenye meza, na nyuma yake akatia kile kidude cha kuongezea sauti ya redio, ili ukizungusha usukani kompyuta ijue umezungusha kiasi gani. Pedali alizitengeneza kwa mbao na bawaba za mlango na springi za kiti cha baiskeli. Nilipoingia na redio kwapani, alikuwa amekaa mbele ya kitu hicho anakata kona, na mimi nikasahau kilichonipeleka.

"Unataka kujaribu?" akaniuliza.

Lazima niseme habari ya baba, la sivyo hutaelewa. Baba alikuwa dereva wa lori la majani chai. Kaka yangu Miriti alifundishwa kuendesha angali amevaa kaptura. Mimi nilipoomba, nikaambiwa msichana akishajua gari, hakuna atakayejua alikokwenda. Basi Miriti akaichukua pikapu ya baba, akaipindua kwenye mtaro karibu na Naro Moru, ikauzwa kama vyuma, na bado pale nyumbani yeye ndiye aliyeitwa dereva. Hilo lilinikaa kooni miaka na miaka. Kwa hiyo Junaid aliponipisha kwenye kile kiti, sikuona meza wala mbao. Niliona barabara.

Siku ya kwanza niligonga kila kilichosimama. Junaid hakucheka. "Dada, usukani unashikwa, haunyongwi," alisema. Jioni iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena. Mchana nilikuwa kaunta namba moja, nikipitisha vitu vya watu mbele ya taa nyekundu, napokea, narudisha chenji, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Jioni nilivua dastikoti la kijani, koti letu la kazi, nikalikunja, nikaenda kwa Junaid kwa saa moja, kabla ya kumpikia mama. Watu walisema ninachoka bure. Uongo mtupu. Ile saa moja ndiyo iliyonifanya niweze kuamka kesho yake na kusema "karibu tena" kwa mtu aliyenirushia hela kama anatupia kuku.

Na wakati wateja ni wachache, nilikuwa nafanya mazoezi pale pale. Nilifumba macho nusu, nikaipita ile barabara ya gemu kona kwa kona, na chini ya kaunta miguu yangu ikawa inakanyaga: mafuta, breki, breki kidogo, mafuta. Sheila, keshia wa kaunta namba mbili, aliniona siku moja.

"Hiyo miguu yako inacheza ngoma gani?" akauliza.

"Ya kwetu Meru," nikamwambia, nikacheka. Ningejua, ningeifunga ile miguu kwa kamba.

Halafu Mutahi akaleta habari yake. Mutahi alikuwa na shule ya udereva kwenye ghorofa juu ya duka la Junaid, shule ya pikapu moja yenye herufi L kubwa mbele na nyuma. Wanafunzi walikuwa hawaji. Akaona vijana wanavyojazana kwa Junaid, akabandika tangazo: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mashindano ya usukani wa kompyuta, na mshindi atafundishwa kuendesha gari la kweli, bila malipo, mpaka leseni itoke. Nililisoma lile tangazo mara mbili. Leseni. Jina langu, picha yangu, muhuri wa serikali. Na kwa muda wa raundi hakuna kijana aliyekuwa ananifikia, Junaid mwenyewe alijua. Nikapanga zamu ya asubuhi Jumamosi hiyo, nitoke saa saba. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ila mjini kulikuwa na maneno. Miaka ile, kama uliiishi Kenya, unakumbuka; shetani alikuwa anaonekana kila mahali, kwenye noti, kwenye nembo, kwenye vitambaa vya kushonea. Sasa akaonekana kwenye ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti. Mhubiri mmoja alikuwa amerekodi kanda, inauzwa sokoni, akieleza kwamba mistari ile ina sita tatu zilizofichwa, na kwamba ile taa nyekundu inasoma alama ya yule mnyama wa Ufunuo na kuiingiza kwenye chakula. Wateja wakaanza kuukumbatia unga wao. "Usipitishe hiyo unga yangu hapo," waliniambia. "Niandikie bei na mkono." Nikawa naandika kwa mkono. Wengine hawakuja kabisa, wakarudi kwenye maduka ya zamani, na Hezekiah akawa anasimama mlangoni anaangalia barabara, mikono nyuma, jasho kwenye mdomo wa juu, na Nyeri ina baridi yake.

Kila asubuhi kabla ya kufungua tulikuwa na maombi, wafanyakazi wote, tumeshikana mikono mbele ya kaunta. Na hapo ndipo Sheila, Mungu amwone, alipoinamisha kichwa akasema kwa sauti tamu kwamba anaomba tumkumbuke dada yetu Gatwiri. Ati kila jioni anaingia kwenye chumba chenye mapazia huko njia ya Majengo, anashika usukani usio na gari, anaendesha mahali pasipo na barabara. Ati hata akiwa kazini miguu yake inatembea yenyewe. Ati yeye Sheila hahukumu, anaomba tu.

Mikono niliyokuwa nimeishika ikalegea pande zote mbili.

Ningetaka kusema Hezekiah aliamini. Ningemsamehe mtu anayeamini. Lakini nilimwangalia usoni na niliona anachofanya: anapiga hesabu. Hapa kuna watu wanaosema supamaketi ina shetani, na hapa kuna msichana. Alikuwa anatafuta pa kumweka shetani ili amtoe, watu waone ametoka, warudi. Mimi nilikuwa kaunta namba moja, mbele kabisa, karibu na mlango. Nilifaa.

Aliniita Ijumaa. "Kesho baada ya zamu yako mchungaji atakuja," alisema. "Tutakuombea hapo mbele, na wateja wakiwa. Ni kitu ya dakika kidogo. Baada ya hapo mimi naandika wewe ni mfanyakazi wa kudumu. Na hiyo maneno ya kwa Junaid iishe."

"Mzee, hiyo ni gemu tu," nikasema.

"Basi haitakuwa ngumu kuacha."

"Na nikikataa?"

Alifungua droo, akaifunga. "Mama yako alikuja kwangu na heshima," akasema.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mama kila kitu tukinywa chai: maombi saa saba, mashindano saa nane, leseni. Nilimwambia sitakubali kushikwa kichwa mbele ya watu kama mwendawazimu. Mama alinisikiliza akikagua mshono wa sweta. Alikuwa mwanamke wa kanisa kweli kweli, mama yangu, hakuwa wa kuigiza. Hakusema niende, hakusema nisiende. Alisema, "Maliza chai." Kisha akaingia chumbani, akatoka na leso yake nzuri ameikunja chini ya mkono, nikajua akina mama wa ushirika walikuwa wameshampa zamu ya kunisitiri. Nilitoka bila kumuaga.

Basi ndipo tukawa pale. Niliwaza kuanguka, usidhani sikuwaza. Ilikuwa rahisi. Unalegeza magoti, unajiachia, leso inakufunika, wanaimba, unainuka, unaifuta sketi, kazi ni yako. Ungebakiwa hata na muda wa kukimbia kwa Junaid. Lakini ukishaanguka, umekubali. Umesema mbele ya Nyeri nzima kwamba kitu pekee ulichowahi kukijua vizuri ulipewa na shetani. Na nikitoka hapo niende kushika usukani, watasema nini? Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikaziba masikio kwa ndani, nikasimama.

Mchungaji alibadilisha mkono. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kikuyu, akaomba kwa lugha ambayo haikuwa ya mtu. Shati lake lilimganda mgongoni. Wateja walizidi kuingia, waliokumbatia unga na wasiokumbatia, na kila nilivyozidi kusimama ndivyo walivyozidi kuamini kwamba pepo wangu ni mkubwa. Niliisikia sauti ya Hezekiah pembeni, kavu: "Hatatoka hapa mpaka kieleweke." Saa ya ukutani ikapita saa nane. Machozi yakanitoka na nikayachukia, maana waliyaona wakashangilia.

Hapo mama akaanguka.

Sikumwona akianguka. Nilisikia kishindo nyuma yangu, nikageuka, na mama yangu alikuwa chini kwenye saruji, amelala ubavu, kati ya kaunta na magunia ya mchele. Mama ambaye haketi kwenye nyasi bila kutandika gazeti. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemtoka, na nywele zake, ambazo hata sisi watoto wake tulikuwa hatuzioni mara kwa mara, zilikuwa nje, fupi, zimejaa mvi. Miguu yake ilikuwa wazi mpaka magotini. Sheila ndiye aliyeokota leso akamfunika.

Duka lililipuka. Mchungaji akaniachia, akainua mikono, akatangaza kwamba pepo alikuwa wa ukoo, kwamba amemtoka binti akapitia kwa mama, na sasa amekwenda. Watu wakaimba. Kuna waliokuwa wanalia. Hezekiah alijifuta uso kwa leso ya mfukoni, akanijia akitabasamu, akaniambia nikapumzike, Jumatatu nije mapema.

Nilimwangalia mama pale chini. Macho alikuwa ameyafumba, midomo inatembea. Na nakwambia nilichohisi: nilihisi amenisaliti. Nikawaza, hata wewe. Hata wewe umeamini nina kitu, mpaka kikakuangusha. Nilivua dastikoti, nikaliweka juu ya kaunta, nikawapita wote nikatoka. Mama yangu nilimwacha kwenye saruji ya watu.

Kwa Junaid walikuwa wamebaki wawili wa kushindana. Junaid alikuwa ameisogeza zamu yangu mpaka mwisho, na vijana walikuwa wanalalamika. Aliniona nilivyousukuma mlango.

"Kaa kwanza," akasema. "Hiyo hasira iache hapo mlangoni, utaikuta ukitoka."

Sikuiacha. Kila mtu alikuwa na raundi tatu, na iliyohesabiwa ni ile ya kasi zaidi. Raundi ya kwanza niliingia ukutani kwenye kona ya pili, na nyuma yangu wakacheka. Raundi ya pili niliimaliza, basi. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na sijui niiseme vipi. Kila kona ilikuwa na kiganja kinachonisukuma nianguke, na mimi sikuanguka. Nilikanyaga breki pale pale nilipozoea, nikageuza usukani kwa vidole, nikatoka. Nilipofika mwisho hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimempita kijana wa mbele kwa muda mdogo kuliko wa kupepesa jicho.

Mutahi akajikuna shingo. "Sasa msichana atafanya nini na leseni?" akauliza, akimuuliza Junaid, si mimi.

"Bwana Mutahi, ulisema atakayeshinda," Junaid akamjibu. "Huyu hapa."

Leseni niliipata kabla ya mwaka kwisha. Kazi nayo sikuipoteza. Hezekiah alitimiza ahadi, kwa sababu mambo yalikuwa yamemnyookea kuliko alivyotarajia. Wateja walirudi. Unga ukapita mbele ya taa nyekundu bila neno. Akawa anawaonyesha wageni pale mahali, kwa kidole cha mguu: hapa ndipo alipoanguka. Na mama akawa anaitwa kutoa ushuhuda, leo Kerugoya, kesho Naro Moru, aeleze alivyofunguliwa. Alikwenda kila alipoitwa. Alisimama, akasema, "Nilianguka, nikainuka, Bwana asifiwe," akakaa. Walitaka zaidi. Hakuwapa.

Mimi nilihama. Nilipanga chumba changu, nikaacha supamaketi mara Mutahi alipoanza kupata wanafunzi wanawake wasiotaka kufundishwa na mwanamume, nikawa mwalimu wa udereva. Mama nilimtembelea Jumapili, nikakaa pembeni mwa kiti, nikaondoka mapema. Hatukuwahi kuisema ile siku. Nilikuwa na uchungu naye kuliko niliokuwa nao na Hezekiah, maana Hezekiah alikuwa mtu baki.

Mwisho wa tisini na tisa, watu wakinunua mishumaa na unga wa kujificha nao kwa sababu ati kompyuta zote zitakufa mwaka ukigeuka, na Hezekiah akiwauzia bila aibu, mama aliniomba nimpeleke Meru kwa Krismasi. Nikaazima pikapu ya Mutahi. Tulipita Naro Moru asubuhi, mlima uko wazi upande wa kulia, na mama amekaa kando yangu, mkoba kwenye mapaja, anaangalia mkono wangu unavyobadilisha gia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendeshwa na mimi. Nilipita pale kwenye mtaro ambamo Miriti aliipindua pikapu ya baba. Kisha, sijui kwa nini, hasira ya miaka yote ikanipanda, nikamuuliza. Nilimuuliza vibaya, kama mtoto asiye na adabu. Nikamwambia, mama, siku ile kwenye duka, ulihisi nini hata ukaanguka? Uliamini kweli nilikuwa na pepo?

Mama aliniacha kwanza nilipite lori lililokuwa mbele yetu.

"Walikuwa wanataka mtu aanguke," akasema. "Na wewe ulikuwa unachelewa."